Nyumba Isiyo na Dirisha

Kila asubuhi Apolline aliamshwa na moshi. Mama yake, Nathalie, aliamka kabla ya jogoo, akawasha kuni kwenye mafiga yaliyokuwa katikati ya nyumba na kuanza kukaanga maandazi ya kuuza sokoni. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu. Upande mmoja walilala watu wanne: baba, mama, Apolline mwenye miaka kumi na miwili, na mdogo wake Bienvenu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka minne. Upande wa pili zilikaa sufuria, majembe, gunia la mahindi na jerikani za maji. Moshi ulijaa kwanza juu, chini ya turubai la paa, kisha ukashuka polepole hadi ukawafikia waliolala. Apolline alikohoa, akafikicha macho, akachukua jerikani, na mlango ulipofunguliwa tu akatoka nje haraka kwenda bombani.

Kuni zilikuwa mbichi kwa sababu ya mvua, lakini si mvua iliyomfanya mama apikie ndani. Ni baba. Léopold hakutaka mlango ufunguliwe kabla jua halijatoka, wala hakutaka mtu yeyote wa nyumba yake awe nje giza likiingia.

Majirani walimwita Baba Ulrich, na mkewe Mama Ulrich, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Ulrich mwenyewe hakuwa hai. Watu wenye bunduki walivunja dirisha la chumba alimolala, kijijini kwao Fizi, Kivu Kusini, wakamwulia kitandani. Wazazi wake walikimbia na watoto waliobaki, wakavuka mipaka, na mwaka 2012 wakafika Nakivale, makazi makubwa ya wakimbizi kusini mwa Uganda. Walipopewa kiwanja, Léopold alijenga kwa mikono yake. Alisimamisha miti, akakandika udongo mpaka kuta zikawa nene kuliko za jirani yeyote, akaweka mlango mmoja mwembamba wenye makomeo mawili. Dirisha hakuweka.

Wachache walimwuliza sababu. "Mu nyumba yangu hakuna mutu ataingia na dirisha tena," alijibu. Hawakuuliza zaidi, kwa kuwa wengi wao walitoka kulekule.

Hapo mwanzo waliopima viwanja walikuwa wameacha nafasi kati ya nyumba na nyumba. Lakini watu waliendelea kuja, malori kwa malori, na karibu nafasi zote zile zikajengwa. Paa la huyu likagusa paa la yule. Vijia vikawa vyembamba hata mwanamke aliyebeba kuni kichwani alilazimika kupita kiubavu. Jua liliingia humo saa sita mchana tu, na halikukaa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Nathalie alianza kukohoa. Mwanzoni hakuna aliyejali, maana katika nyumba ile kila mtu alikohoa. Lakini kikohozi cha wengine kiliisha moto ulipozimwa, na cha mama kikabaki. Alikohoa akichota maji, akikanda unga, akisali. Vitenge vyake vikaanza kumpwaya kiunoni. Usiku alilowa jasho ingawa kulikuwa na baridi, na asubuhi alianika shuka kabla mtu hajaona.

"Mama, twende kwa daktari," Apolline alimwambia siku moja walipokuwa wakitenga maandazi kwenye beseni.

"Na maandazi atauza nani?" mama alijibu. "Sikiliza, mutoto wangu. Batu bakijua ninakohoa, nani atanunua chakula cha mikono yangu? Tutakula nini? Ni moshi tu. Itapita."

Siku chache baadaye alipita Kizito, mhudumu wa afya aliyezunguka mitaa ile na mkoba begani. Alikuwa Mganda, mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani. Alimkuta Apolline amekaa kizingitini akichambua maharage, huku Bienvenu akiyapanga mengine mstari mmoja kwenye vumbi.

"Habari ya hapa, nyabo," alisema kwa heshima, kana kwamba anaongea na mtu mzima. "Kuna mtu anakohoa hapa, wiki mbili ao zaidi?"

Ndani, kwenye giza nyuma ya mlango, mama alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Apolline aliyaona macho yake. Yalikuwa yakimwomba.

"Hapana," Apolline akasema. "Hakuna."

Kizito alichungulia ndani akakunja uso. "Hapa hewa inapita wapi? Mwambie baba akate dirisha. Hata dogo. Watu wanne ndani ya chumba hiki, na moto, si vizuri."

"Nitamwambia."

Kizito akaenda nyumba ya pili. Mama alitoa kitenge mdomoni, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akamshika Apolline kichwani. "Asante, mama," alisema, kama wazazi wa kwao wanavyowaita binti zao wanapowapenda sana. Apolline hakumwambia baba habari ya dirisha. Alijua jibu lake.

Baada ya wiki kadhaa Bienvenu akaacha kucheza. Alikuwa mtoto wa kukimbiza kuku na kuimba nyimbo asizozijua maneno, lakini sasa alitaka kulala tu. Nathalie alimlaza kifuani pake, akamfunika kwa kitenge chake asipate baridi. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Akatapika. Asubuhi moja Apolline alijaribu kumwinua anywe uji, na shingo ya mtoto ikakataa kupinda. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakumfuata tena mtu.

Léopold alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Huko hawakukaa sana. Mganga alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama aliyesimama nyuma akikohoa, akauliza maswali mawili matatu na kuita gari. Wote wawili wapelekwe hospitali ya Mbarara. Léopold alitaka kupanda, lakini nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu wa kuwauguza. Mwanamume hatakiwi kulala wodi ya watoto, akaambiwa. Kwa hiyo alipanda Apolline. Gari lilipoondoka, baba alibaki amesimama barabarani, mikono ikining'inia kama ya mtu aliyenyang'anywa mzigo.

Walipita Kabingo, wakapita mashamba ya ndizi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Apolline hakuviona vizuri. Alikuwa ameshika mguu wa Bienvenu uliokuwa wa moto.

Hospitalini walitenganishwa. Nathalie alipelekwa wodi ya wagonjwa wa kifua, iliyojengwa peke yake ng'ambo ya kiwanja cha nyasi. Bienvenu alilazwa wodi ya watoto, na Apolline akawa ndiye mama yake: kumfuta, kumgeuza, kumfulia, kumwita jina. Kitu cha kwanza alichokishangaa pale kilikuwa madirisha. Yalikuwa makubwa, yalitazamana pande mbili za wodi, na upepo uliingia huku na kutokea kule. Asubuhi kulikuwa na baridi, lakini muuguzi, Sista Miriamu, alikataa yasifungwe.

"Baridi tuna blanketi," alisema. "Hewa hatuna pa kununua."

Jioni ya siku ya pili Sista Miriamu alimchukua Apolline wakaenda kwa mama yake. Nathalie alikuwa amekaa kitandani, barakoa usoni. Muuguzi alivuta kiti.

"Mama, wewe una kifua kikuu," alisema taratibu. "Kina dawa. Utakunywa miezi sita bila kuruka siku, na utapona. Mtoto pia anacho, lakini kwake kimepanda mpaka kwenye ubongo. Yeye amechelewa sana. Tunajaribu. Niambie, nani alianza kukohoa nyumbani?"

"Ni mimi," Nathalie akasema.

"Mnalala chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Kina madirisha mangapi?"

Apolline akajibu kwa niaba ya mama yake: "Hakuna."

"Mtu mwenye ugonjwa huu akikohoa, vijidudu vinabaki hewani," Sista Miriamu alieleza. "Nyumba ikiwa na dirisha, upepo unavitoa nje, na jua linaviua. Nyumba ikiwa imefungwa, vinakaa hapohapo usiku kucha, na kila aliyemo anavivuta. Mtoto mdogo hana nguvu ya kupigana navyo. Hakuna mhudumu aliyepita kwenu kuuliza?"

"Alipita," Apolline akasema. "Nikamwambia hakuna anayekohoa."

"Nilimutuma mimi," mama akasema upesi. "Usimukaripie. Nilimutuma mimi kusema uongo." Kisha akageuka ukutani. "Nilikuwa ninamufunika na kitenge yangu. Kila usiku. Nilisema asisikie baridi."

Sista Miriamu hakukaripia mtu. Pia hakusema kwamba haikuwa kosa la yeyote. Aliweka mkono juu ya bega la Nathalie, akauacha pale kwa muda, kisha akamrudisha Apolline kwa mdogo wake.

Katika kiwanja kile cha nyasi, mahali pa kuanikia nguo, Apolline alizoeana na mwanamke mmoja aitwaye Zam. Mumewe, Abdullah, fundi cherehani, alikuwa amelazwa wodi moja na Nathalie. Zam alimwona mtoto wa kike anafua peke yake bila sabuni, akampa kipande cha yake. Kesho yake alimwambia, "Mwanangu, wewe hujaoga tangu uje. Twende kwangu Nyamityobora, si mbali. Mdogo wako muuguzi atamwangalia."

Zam aliishi katika chumba kimoja cha kupanga, katika safu ndefu ya vyumba vilivyofanana. Apolline alifurahi kuona chumba kile kina dirisha zuri la vioo. Alilisogelea, akalifungua, na mkono wake ukagonga tofali. Nje ya dirisha palikuwa na ukuta. Kati ya dirisha na ukuta ule usingeweza kupitisha hata sahani.

"Zamani pale palikuwa ua," Zam alisema. "Kulikuwa na mti wa parachichi. Mwenye nyumba akaona pesa imelala bure, akajenga vyumba vingine. Sasa mchana Abdullah anawasha taa ndiyo aone sindano. Tulilalamika, akasema, dirisha si mnalo?" Alicheka kidogo bila furaha. "Sasa vyumba vitatu katika safu hii wanakunywa dawa ileile ya kifua."

Apolline alilifunga dirisha lile. Alikuwa amedhani mjini watu wanajua zaidi.

Bienvenu alifariki siku ya Ijumaa mchana. Madirisha yote yalikuwa wazi na mapazia yakipepea. Apolline alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa. Aliona kifua kimeacha kupanda, akangoja kidogo, hakikupanda tena, akaenda kumwita Sista Miriamu.

Walivuka nyasi pamoja kwenda kumwambia mama. Nathalie alikuwa amekaa kwenye dirisha la wodi yake, kama alivyokaa kila siku, akitazama upande wa wodi ya watoto. Aliwaona wakija tangu mbali. Aliona jinsi muuguzi alivyomshika Apolline mkono, na kabla hawajafika nusu ya njia alikwisha kujifunika uso.

Gari la makazi lilileta maiti Nakivale, na Bienvenu akazikwa kilimani. Mama hakuruhusiwa kuja. Léopold alichimba kaburi mwenyewe akakataa kupokewa jembe. Apolline na baba yake walipimwa, wakaonekana wazima, na jambo hilo halikuwapa furaha yoyote.

Ilikuwa kabla mama hajatoka hospitalini ndipo Kizito alipokuja tena. Apolline alikwenda kumlaki njiani.

"Nilikudanganya," alisema. "Mama alikuwa anakohoa siku ile."

Kizito alishusha mkoba begani. "Mimi pia nilisikia," alisema. "Nilisikia kitu kama kikohozi, nikasema moyoni, mtoto amesema hakuna, na nyumba bado ni nyingi. Hata mimi silali vizuri." Kisha akaingia kuongea na Léopold.

"Muzee, mama anarudi wiki ijayo. Akikaa ndani ya nyumba hii, dawa itashindana na nyumba. Kata dirisha."

"Nilipoteza mutoto kwa dirisha," Léopold akasema.

"Najua, sebo," Kizito akasema kwa heshima.

"Haujui. Haukumuokota wewe."

Apolline alikuwa mlangoni. Hakuwahi kumpinga baba yake maishani, na hata sasa hakupaza sauti.

"Papa, Ulrich walimwua na dirisha. Na Bienvenu, nani alimwua?"

Léopold hakumpiga wala kumfukuza. Aliketi chini pale pale alipokuwa akilala mtoto. Kizito akaondoka kimyakimya. Jua lilipoanza kuteremka, Apolline alisikia mshindo, akaingia mbio akamkuta baba anapiga ukuta kwa panga. Udongo ulidondoka vipande vipande. Panga lilimponyoka mara mbili, akaliokota. Alikata fito, akafungua tundu la ukubwa wa beseni, akalipanua, kisha akatoboa jingine ukuta wa pili, kama yale ya hospitali yanayotazamana ambayo Apolline alimweleza. Aliyawekea vyuma vyembamba na vibao vya kufunika. Jiko alilitoa nje, chini ya kibanda cha nyasi. Alipomaliza aliegemea ukuta akalia, na Apolline akamletea maji.

Nathalie alirudi amekonda. Alikunywa dawa zake kila siku mbele ya mumewe, hata zilipomchafua tumbo, na kikohozi kikapungua, kisha kikaisha. Maandazi hakukaanga tena. Wateja wengine wangerudi, lakini yeye mwenyewe hakutaka kuukaribia moto ule. Usiku, Apolline aliposhtuka, mara nyingi alimkuta baba ameketi macho, akitazama dirisha.

Mwaka uliofuata familia mpya ilipewa kiwanja kidogo kilichobaki wazi kando ya nyumba yao. Mwanamume aliitwa Bonaventure, alikuwa na mke na watoto wawili wadogo. Apolline aliporudi kutoka shule alimkuta anachimbia nguzo, na nguzo ya kwanza ilikuwa karibu kabisa na dirisha lao. Alikumbuka tofali la Nyamityobora. Alikimbia shambani akamweleza baba yake kila kitu: chumba cha Zam, kioo kizuri, ukuta nyuma yake, na taa inayowashwa mchana.

Léopold alikuja na jembe begani, akamsalimia jirani vizuri.

"Ndugu yangu, utaziba hewa yangu."

"Kiwanja yangu inaishia hapa," Bonaventure akasema. "Nitasogea wapi? Fasi ni kidogo."

"Na wewe dirisha utaweka wapi?"

"Mimi siweki dirisha." Bonaventure hakuinua macho. "Tumetoka Fizi."

Léopold alitua jembe lake. Aliketi juu ya rundo la miti ya jirani yake. Nathalie alitoka akasimama mlangoni.

"Mimi pia nimetoka Fizi," Léopold alisema. "Mimi pia nilijenga nyumba bila dirisha. Niliogopa batu ya bunduki, na hapa hawakukuja. Nilichokizuia kuingia ni upepo na jua. Ugonjwa ulikuwa mu nyumba tayari, nikaufungia pamoja na batoto yangu. Bibi yangu, Mama Ulrich, akaficha kikohozi, na binti yangu huyu akasema uongo kwa ajili yetu, na mimi ndiye nilijenga fasi ya kuficha. Jenga ukuta mnene kama unataka. Weka komeo mingi. Lakini acha hewa ipite, kwako na kwangu, maana ukiziba yako umeziba na yangu. Na mutu akikohoa, usifiche. Useme siku hiyo hiyo." Alionyesha nyuma ya viwanja vyote viwili. "Kule nina shamba ya maharage. Chukua kipande yake, sogeza nyumba yako. Kesho tutaita Kizito na wakubwa wa mtaa baone, isilete maneno."

Maharage yale yalikuwa yamekaribia kuiva, na ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha. Nathalie aliyatazama, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Bonaventure alisimama ameshika chepe. "Alikuwa na miaka ngapi, mutoto wako?" aliuliza.

Léopold aligeuza uso upande wa kilimani.

"Mitatu," Apolline akasema. "Angetimiza minne mwezi wa kumi."

Bonaventure aliwatazama watoto wake wawili waliokuwa wakicheza kwenye udongo uliochimbuliwa. Aliweka chepe chini, akaikumbatia ile nguzo ya kwanza kwa mikono miwili, akaanza kuing'oa.